Jina Nyuma ya Bango

Baba yangu hana uongo. Kinyozi akitaka bango lake liandikwe "bora kuliko wote," baba atamuuliza kwanza kama amewahi kunyolewa na hao wote. Wateja walikuwa wakinuna, wengine wakaondoka na mbao zao kwapani, lakini hakubadilika. Kwa miaka arobaini na miwili ameandika mabango ya mji wetu, na watu wakampa jina la Nukta, kwa sababu aliwahi kurudi na ngazi mpaka duka la dawa, mvua ikinyesha, kwa ajili ya nukta moja aliyoisahau juu ya herufi i. Sasa mkono wake wa kulia unatetemeka. Brashi zimebaki kwangu, naye amebaki na kazi anayoipenda kuliko zote, ya kukaa kwenye stuli nyuma yangu na kusema, "Hiyo S imelewa."

Kwa hiyo nilipomkuta asubuhi ile hajagusa chai, anafunga kamba za viatu, anazifungua, anazifunga tena, nilidhani anaumwa.

"Baba, vipi? Kama hujisikii vizuri, baki."

"Nani kasema sijisikii vizuri? Twende zetu kabla jua halijawa kali."

Tulikuwa na safari ya kupanda kilima. Ofisi ya bustani za mji ilikuwa imeniagiza bango jipya la kileleni, pale watu wanaposimama kutazama bahari, na lilikuwa tayari, limekauka, nimelifunga kwa blanketi kuukuu na mikanda ili nilibebe mgongoni. Bango la zamani ambalo tungelishusha lilikuwa la baba mwenyewe. Aliliandika akiwa kijana, kabla hajaoa.

Na hapo ndipo penye kisa. Mama yangu ni mkunga mstaafu. Wakati ule alikuwa msichana mgeni kazini, na baba alipewa kazi ya kuandika "Wodi ya Wazazi" kwenye ukuta wa zahanati, kazi ya siku moja, akaifanya kwa wiki mbili. Alimpa mama jina la Chiriku, maana alikuwa akipita pale anaongea, anarudi anaongea. Kisha baba akaenda kupandisha bango la kilimani, na jioni akapita getini mwa zahanati suruali imelowa nyekundu kuanzia kiunoni mpaka kwenye kifundo cha mguu. Mama akadhani ni damu. Akatoka mbio na bandeji mkononi.

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia," baba akajibu. "Nimeandika jina lako kileleni, nyuma ya bango."

Miezi mitatu baadaye wakaoana. Kisa hiki nimekisikia tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, na hakijawahi kusimuliwa mara mbili sawasawa. Mwanzoni ilikuwa jina tu. Nilipoanza shule jina lilikuwa na kivuli cha njano. Nilipomaliza shule lilikuwa na ua kila upande na ndege juu ya herufi ya mwisho. Mama anapenda kuuliza, hasa wakiwepo wageni. "Hebu tuambie tena, lile jina uliliandika kwa rangi gani?" Na baba, mtu asiyeweza kumsifu kinyozi bure, anakohoa kidogo na kuongeza jani.

Ila kumpeleka mama akalione, hapo ndipo palikuwa na kazi. Mara jua kali. Mara upepo. Mara nyoka wameonekana. Mara nyuma ya bango kuna kichaka cha miiba na jina halionekani hata ukienda, jambo ambalo ni kweli, kichaka kipo, nimekiona mwenyewe. Na mama naye alikuwa na zamu zake zisizoisha, basi miaka ikapita.

Safari hii hakukuwa na pa kutokea. Bango linashushwa, mgongo wake utaonekana, na mama alitoka chumbani amevaa blauzi yake nyeupe ya kwendea harusini.

"Blauzi hiyo kilimani?" nikamwuliza.

"Nakwenda kuona jina langu, nivae gunia?"

Baba akafunga tena kamba za viatu.

Kabla ya kutoka mama alituwekea chai ya chupa na kopo la sukari kwenye kikapu. Makopo ya jikoni kwetu ameyaandika mama mwenyewe, kwa rangi ya mabaki kutoka karakana, kwa sababu haamini kwamba kuandika ni kazi ya kusomea. Anaanza na herufi kubwa kama mlango, halafu anaishiwa nafasi. Kwenye SUKARI, ile I ya mwisho imejibana ukingoni kama mtu aliyechelewa. Kwenye CHUMVI, I imekosa kabisa pa kukaa, akaiandika juu ya kifuniko. Baba kila akinywa chai hulizungusha kopo litazame ukutani ndipo anywe kwa amani.

Kilima chetu si kirefu. Mtu mwenye miguu mizuri anafika juu kwa nusu saa. Njia inaanzia nyuma ya ghala la mbao, inapita kwenye nyasi, kisha ngazi za mawe zenye reli ya bomba upande mmoja na mabenchi matatu ya kupumzikia. Mama alitangulia, mikono ya blauzi ameikunja mpaka kwenye viwiko, lile kovu lake refu la waya wa kuanikia nguo likiwa nje. Kila mtu aliyekuwa akishuka alimsalimia, na yeye kila mtu alikuwa na habari zake.

"Yule alizaliwa akitanguliza miguu," akatuambia bila kupunguza sauti, baada ya kijana mmoja wa watu kupita na suti yake ya mazoezi. "Tangu siku ile nilijua atakuwa mkaidi."

Mimi nilikuwa na bango mgongoni, spana na mafuta ya kutu mfukoni, na begani mfuko wenye brashi mbili na kopo dogo la rangi nyekundu, la kuzibia mikwaruzo. Na kopo nilikuwa nimeligonga kifuniko mara tatu kwa mpini wa nyundo. Hiyo ndiyo amri ya kwanza ya karakana yetu. Baba aliwahi kunirudisha nyumbani kutoka stendi kwa sababu nilisema nimegonga mara mbili.

Benchi la pili, baba akakaa. Mama alikuwa juu yetu kidogo, anamhoji mwanamke mmoja kuhusu mtoto wake anayeota meno. Baba akanishika mkono.

"Mwanangu, tangulia mbio mpaka juu. Fungua bango, uandike jina."

"Jina gani?"

"La mama yako. Sikuliandika."

Nilimtazama nikidhani jua limemwingia. Hakuwa anatania. Uso ulikuwa umemnywea kiasi kwamba nilimwonea huruma, halafu huruma ikaondoka nikakasirika.

"Baba! Miaka yote hii? Na yale maua? Na yule ndege?"

"Punguza sauti."

Akanieleza haraka haraka, macho yakiwa kwa mama. Alikusudia kuliandika. Alibeba kopo jipya la nyekundu maalumu kwa ajili hiyo, ila kifuniko hakukigonga. Kwenye ngazi, bango mgongoni, kopo likageuka mfukoni na rangi yote ikaishia kwenye suruali. Alifika juu hana hata tone. Akafunga bango, akashuka, na alipomwona yule msichana anamkimbilia na bandeji, aibu ikamshika. Angesemaje kwamba yeye, fundi, amesahau kugonga kifuniko? Akasema alichosema.

"Kisha akakubali kuolewa," baba akasema. "Ningemwambia lini? Siku ya harusi? Ulipozaliwa wewe? Alinikubali kwa sababu ya lile jina. Leo ataona ubao mtupu mbele yako, na blauzi ile amevaa. Sitaki kumwona uso wake. Nakuomba, nenda."

"Hii ni rangi ya mafuta, Baba. Haikauki leo. Atagusa tu, kidole kitatoka chekundu!"

"Ipake nyembamba."

"Nyembamba! Wewe ndiye wa kuniambia hivyo?"

"Nenda, binti yangu, nenda."

Nikaenda. Nilimpita mama kwenye ngazi nikipumua kama bata.

"Wewe, unakimbilia wapi na mzigo?"

"Nati zina kutu!" nikajibu, na nyuma yangu nikamsikia baba akimwita mama kwa sauti ya unyonge, goti linamuuma, aje alitazame. Baba hajawahi kulalamika goti. Nilipanda nikiwa na hasira naye, na hasira na mimi mwenyewe kwa kukubali, na bado nilikuwa napanga kichwani urefu wa herufi. Chiriku ina herufi saba. Ndivyo nilivyolelewa.

Kileleni hapakuwa na mtu. Ni uwanja mdogo wa nyasi fupi, benchi la tatu, na ukingo wa mawe unaofika kiunoni. Upande huu unaona mapaa ya mji mpaka kwenye winchi za bandari, upande ule bahari tupu, na upepo unakupiga usoni mpaka machozi yanatoka bila huzuni. Bango la baba lilisimama kwenye mabomba yake mawili, limepauka lakini kila herufi wima, nafasi sawasawa, na kichaka cha miiba kimeliegemea mgongoni. Hata siku ile, na hasira zangu, niliona ni kazi safi.

Nati nne. Tatu zilikubali baada ya mafuta, ya nne nikaitukana ndipo ikazunguka. Nikalivuta bango kutoka kwenye miiba, nikalilaza kifudifudi kwenye nyasi, nikafungua kopo, nikachovya brashi, nikapiga magoti.

Pale pamekwisha andikwa.

Si kwa rangi nyekundu. Ilikuwa ile kahawia ya milango ambayo haikosekani karakana. Herufi ya kwanza ilikuwa kubwa kama mlango, na zilizofuata zikawa zinapungua kadiri ubao unavyoelekea kwisha:

NIMEFIKA. SIJAONA KITU. MUONGO WEWE

Ile EWE ya mwisho ilikuwa imepanda juu ya ukingo, moja juu ya nyingine, kwa kukosa nafasi.

Mwandiko huo nimekunywa nao chai maisha yangu yote. Nikakaa chini kwenye nyasi na brashi yangu imelowa, nikaanza kucheka, nikajaribu kuacha, nikashindwa. Nilikuwa bado nacheka mama alipotokeza kwenye ngazi ya mwisho, anahema, na upepo ukamfanya ashushe mikono ya blauzi. Akaitazama brashi. Akaitazama sura yangu.

"Umeshasoma?"

"Mama..."

Akaweka kidole mdomoni. Macho yalikuwa yanamcheka. Akaenda kukaa kwenye benchi, mikono magotini, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

Baba alifika baadaye sana, ameshika reli kwa mkono wake mzima. Nilimkonyeza, nikatikisa kichwa, nikamfanyia kila ishara ninayoijua kwamba anyamaze. Hakunitazama. Naona alikuwa ameamua kwenye zile ngazi za mwisho, maana alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye benchi na kusimama mbele ya mkewe kama mtu aliye mbele ya hakimu.

"Chiriku," akasema. "Sikuandika. Kopo lilimwagika njiani. Hakuna ua, hakuna ndege, hakuna chochote. Nimekudanganya tangu siku ya kwanza, na leo nimemtuma mtoto aje anidanganyie. Nisamehe."

Mama akamtazama. Nilidhani atacheka, lakini hakucheka, na nikajua kwamba hata yeye hakutegemea kwamba angesema mwenyewe.

"Nenda kasome," akamwambia.

Baba akaja mpaka kwenye bango, akainama, akasoma. Akasoma tena. Nilisubiri alie, au akae chini, au aseme neno la maana. Akanyoosha kidole kinachotetemeka mpaka kwenye ile EWE.

"Umeishiwa nafasi," akasema.

Basi mama alicheka mpaka akashika ubavu. Baba naye akaanza, polepole, kama injini ya zamani, na mimi nikaendelea nilipoishia. Watu wawili waliokuwa wanapanda walitutazama wakaamua kurudi kukaa benchi la pili.

Ikawa zamu ya mama kuungama. Nilikuwa na miaka mitatu, akaniacha kwa jirani akasema anakwenda kliniki, akapanda kilima peke yake. Kichaka wakati ule kilikuwa kidogo, akajipenyeza ubavu nyuma ya bango, akakuta ubao mtupu. Alikasirika. Akashuka mpaka karakana, baba yuko kazini nje, akachukua kopo na brashi, akapanda mara ya pili siku ile ile.

"Mara mbili?" baba akauliza. "Na lile kovu?"

"Miiba. Waya wa nguo unaweza kuchana mtu hivi?"

"Na mimi nikabadilisha waya wote!"

"Ndiyo. Na nikakuhurumia, ila nilikuwa bado na hasira. Jioni ulipokaa kula nikataka kulitoa lote mezani. Nikaanza taratibu, nikakuuliza, hivi lile jina uliliandika kwa rangi gani? Ukaona aibu, ukasema, nyekundu, lina kivuli cha njano. Kivuli hakikuwepo hapo mwanzo. Nikasema moyoni, hebu ngoja nione mwaka kesho ataongeza nini." Akafuta macho kwa kiganja. "Ukaleta ua. Ningekukatiza, yule ndege ningempata wapi?"

"Lakini ulinikubali kwa sababu ya lile jina," baba akasema. Hakuwa anacheka tena. "Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi."

"Mzee wangu, ulipaka ukuta mmoja mara nne ili usiondoke zahanati. Nilikuwa nimeshakubali. Jina lilikuwa nyongeza."

Baba akageuka kutazama bahari. Alipotugeukia tena, alininyooshea mkono.

"Nipe brashi."

Nikalifungua blanketi, nikalilaza bango jipya kifudifudi kando ya lile la zamani. Baba akapiga magoti. Mkono ulikuwa unatikisika kiasi kwamba rangi ilidondoka kabla brashi haijafika kwenye ubao. Sisi waandishi wa mabango tuna fimbo ya kuegemezea kiwiko, lakini fimbo nilikuwa nimeiacha karakana, na nilianza kujilaumu. Mama alipiga magoti upande wa pili, akanyoosha mkono wake ukapita juu ya ubao, na blauzi yake ya harusini.

"Egemea hapa."

Akaegemea. C ilichukua muda mrefu. H ikayumba. Ile R ya katikati, kama ningekuwa mimi nimeiandika, angeniambia inahitaji daktari. Nami niliibana midomo yangu, ingawa ilikuwa kazi. Rangi ilikuwa inashuka kwenye kifundo cha mkono wa baba na kuingia kwenye mkono wa blauzi, na mama hakusogea hata kidogo. Alipomaliza U ya mwisho tulikaa pale watatu tukaitazama CHIRIKU, nyekundu, mbichi, haijanyooka.

"Kivuli cha njano je?" mama akauliza.

"Nitakuja kukiweka," baba akasema. "Na ua."

Tulilifunga bango jipya kwa kulishika pembeni, mgongo wake ukaingia kwenye miiba ambako hakuna atakayeuona. La zamani nikalibeba mimi. Baba alitaka litundikwe karakana, uso ukiwa ukutani. Kabla hatujaanza kushuka akanisimamisha.

"Kopo?"

"Mara tatu," nikasema, lakini alilichukua akaligonga mwenyewe mara tatu nyingine.

Chini, nyuma ya ghala la mbao, kuna meza za wauza matunda. Wote wanamjua mama, na nusu yao amewapokea yeye duniani. Tulipokaribia, muuza mananasi akaona ule mkono mwekundu kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko, akaacha mteja na kisu, akaja mbio.

"Mkunga! Jamani! Umeumia wapi?"

Mama hakuharakisha kujibu. Alingoja mpaka meza zote zigeuke, akakunjua mkono ili kila mtu aone.

"Sijaumia," akasema. "Mume wangu ameandika jina langu kileleni."